Taa ya Manjano

Kule Duluth, theluji ikilala madirishani,
taa ya injini ikawaka kwenye gari la Marlys.
Gereji ya kwanza: dola mia nane, badilisha kihisi.
Akashukuru, akafunga mkoba.

Maktaba ya mtaa huazimisha vitabu,
na kifaa cha kusomea makosa ya gari.
Akakichomeka chini ya usukani:
hewa imezidi, petroli haba.
Kifaa hutaja kidonda, hakitaji mkuki.

Akainamisha sikio juu ya injini
kama alivyosikiliza kifua cha mwanawe mwaka wa kifaduro.
Ssss.
Mpira umepasuka, ufa mfupi kuliko kidole.

Dola sita.
Taa ikang'ang'ania siku mbili, kiburi tu,
kisha alfajiri ya Jumatano
haikuwepo.