Spana ya Kumi na Nne

Nati zake ni za inchi.
Hilo hulioni
Mzee Zadoki anapokata kona ya Barabara ya Obote
na Plimathi yake ya rangi ya maziwa yaliyolala,
tai shingoni, kiwiko dirishani,
taratibu, kama aliyepakia trei za mayai.

Sisi gereji yetu ni ya milimita:
kumi, kumi na mbili, kumi na saba,
spana za Kijapani zinazojua njia gizani.
Hii yataka nusu, robo tatu, thumni tatu,
zile hesabu za sehemu nilizozitoroka darasa la sita,
kumbe zilitangulia kuningoja chini ya boneti.

Baba aliniachia seti nzima, kaifunga kwa gunia la unga.
Nzima, isipokuwa tisa juu ya kumi na sita.
Iliazimwa na fundi Harbhajan wa Kericho
kabla sijazaliwa. Harbhajan akahamia Uingereza,
spana ikahamia naye.
"Kukopa harusi," baba alikuwa akisema,
na hakuwa akimalizia.

Injini yenyewe haikusimama wima kama za wenzake.
Imelala upande, silinda sita mstari mmoja,
kama vibarua walioegemea ukuta wa kiwanda
siku ya mshahara, na saa ya mshahara imepita.
Ubavuni mwake, mahali usipoingia mkono
ila wa mtoto au wa mwenye njaa,
kuna nati moja inayoshika bomba la moshi.
Hiyo ndiyo iliyolegea.
Gari linakohoa toka Mamboleo hadi Kondele
na watoto wa shule wanakohoa nalo, kwa dhihaka.

Wanunuzi wa vyuma chakavu walishakuja na mizani.
Wakalizunguka mara mbili.
Walichoona si gari, ni kilo.
Mzee akawauliza, "Na hii je, ina kilo ngapi?"
Akapiga honi.
Wakaenda zao wakicheka. Mimi sikucheka.
Honi ile niliifufua mwenyewe, kwa waya wa redio.

Mengi humo si ya Marekani tena.
Gasketi ya pampu ya maji niliikata kwenye gambuti.
Kioo cha pembeni ni cha Pijo.
Mkanda wa feni ulikuwa ukisaga mahindi Ahero,
na mchele wa Ahero ndio unaonilipa:
nusu gunia, na nusu ahadi.
Sakafu, upande wa abiria, ni bati la tangazo la sabuni.
Ukiinua zulia unasoma NGUO NYEUPE, juu chini.

Tundu hilo halikuchimbwa na kutu peke yake.
Miaka thelathini na moja marehemu Konsolata
alikaa pale akikanyaga breki isiyokuwepo,
kila kona, kila ng'ombe, kila lori la miwa.
Nilipoliziba, mzee hakusema kitu,
ila zulia aliniomba nilirudishe lilivyokuwa,
lenye alama ya kisigino.

Basi juzi, jua likichemsha mabati,
nikaifunga kumi na nne kwenye jiriwa.
Kati yake na ile ya Harbhajan
pana nywele, labda nywele tatu.
Nikachukua tupa. Nikapiga, nikajaribu, bado.
Nikapiga. Unga wa chuma ukaning'ang'ania jasho.
Bado.
Nikapiga kidogo, kwa woga sasa,
maana tupa haijui kurudisha.

Ikakaa.
Robo mzunguko, kidole kikichunika, robo nyingine.
Mzee akawasha. Kikohozi hakikuja.
Alikaa humo muda mrefu, injini ikinguruma,
na hakwenda popote.

Asubuhi ikaletwa Toyota yenye nati ya kumi na nne.
Mkono ukaenda wenyewe, kwa mazoea.
Spana ikateleza, ikazunguka bure.

Nikaifuta grisi,
nikafungua gunia la baba,
nikaichomeka palipokuwa wazi.