Saa Tisa na Dakika Kumi na Moja

Leelo,
nimeona ulipopita.

Nilikuwa natafuta jibu la damu, hilo tu.
Theluji imeziba nusu ya dirisha la jikoni,
paka kalala juu ya jiko kama mwenye nyumba.
Nikachomeka kadi kwenye kompyuta, nikaandika namba ya siri
(bado ni mwaka uliozaliwa; usinicheke),
jalada langu likafunguka, na chini yake
orodha ya waliolisoma.

Jumatatu, daktari wangu wa hapa Kärdla, dakika sita.
Jumatano, maabara.
Mfamasia, kwa ajili ya vidonge vya presha.
Kisha usiku wa kuamkia Ijumaa,
saa tisa na dakika kumi na moja:
Dkt. L. Kallaste, Tartu. Dakika arobaini.

Arobaini!
Sina ugonjwa wa kusomwa dakika arobaini.

Taavet, kijana wa maktaba, aliwahi kutueleza,
sisi wazee sita na biskuti zetu:
kila anayefungua anaacha muhuri,
na kila muhuri umeumana na uliotangulia.
Mnyororo wa vitalu, akauita.
Ukitaka kufuta mmoja wa juzi
itabidi uvunje yote hadi wa leo,
na nakala zimetawanywa mahali pengi, zinachungana.
Wenzangu wakatikisa vichwa.
Mimi nikasema, kumbe ni sweta.
Kitanzi cha pindoni hakibadiliki kimyakimya;
ukikigusa, shingo itasema.
Akacheka, akaliandika hilo kwenye simu yake.

Hujawahi kuniona nikilia kwa ajili ya karatasi.
Mwaka wa sabini na nane jalada langu lilikuwa la kijivu,
limefungwa kwa kamba, kabatini kwa mganga mkuu,
nami sikuruhusiwa hata kulishika.
Nilipokuja kulipata, nchi ilikwisha badili bendera,
na kati ya ukurasa wa ishirini na wa ishirini na tatu
palibaki meno ya karatasi.
Kaka yako alikuwa humo.
Saa nne alizoishi, uzito wake, jina la aliyekuwa zamu.
Nani aling'oa? Niliuliza kila dirisha la ofisi.
Aling'oaye karatasi hana nyayo.

Lakini wewe ulipita juu ya unga uliomwagwa sakafuni,
na ulijua ni unga.
Wewe daktari, mimi si mgonjwa wako,
sheria unaijua kuliko mimi.
Miaka tisa, tangu maziko ya baba yako
na yale maneno ya kwenye ngazi,
hata kadi ya sikukuu hakuna,
halafu unakuja usiku, mikono mitupu,
kunisoma ini na figo.

Pembeni ya jina lako kuna kitufe chekundu:
Humtambui? Toa malalamiko.
Nikakitazama mpaka chai ikapoa.
Ningelalamika nini?
Kwamba kuna mtu amekesha
akihesabu mapigo ya moyo wangu kutoka ng'ambo ya maji
kwa sababu kupiga simu kulimshinda?
Hata mimi kulinishinda.

Chini zaidi kuna kingine, cha kijani,
kinachouliza nani aruhusiwe.
Nikaandika jina lako lote, kwa kidole kimoja.
Uhusiano? ikauliza mashine.
Nikajaza.
Mpaka lini?
Nikaacha wazi.
Nayo ikapigwa muhuri, ikaumana na ule wako wa saa tisa,
hata nikighairi kesho
itabaki kwamba leo nilitaka.

Sukari imepanda kidogo, hilo umeshaliona.
Lisiloandikwa humo ni hili:
mlango wa nyuma bado unakwama kwa chini.
Usukume kwa goti.