Stendi

Luhende, mtoto wa kaka yangu, ndiye aliyenifundisha,
kiwanja cha shule, Nyegezi, jioni za Jumapili,
akikimbia pembeni kashika kiti:
Achia klachi taratibu, shangazi, kama unalaza mtoto.
Mimi mkunga. Watoto nimelaza wengi.
Hii iliamka kila mara na hasira zake,
ikanitupa mara mbili kwenye matembele ya mama Nyangeta.
Niliyalipa, fungu kwa fungu.

Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu
na mkopo wa kikoba wa miezi kumi na minane.
Shemeji akasema mwanamke hakai kwa kutanua.
Nikamuuliza, wewe ulipozaliwa
mama yako alikuwa amekaaje?

Tangu hapo nimelelewa na barabara.
Mama, kanga! Kanga inaingia kwenye mnyororo!
anapaza sauti muuza karanga wa Mkuyuni.
Kijana wa kijiweni ananinyooshea kiganja,
anakifumba, anakifumbua, mdomo wa kifaranga:
taa yako inawaka, mchana wote huu.
Na lile neno moja
ambalo hata mlevi hulitamka vizuri:
Stendi!
Natazama chini. Kile chuma kimening'inia kushoto
kama ulimi wa mbwa,
kinangoja kona ya kwanza kinipige ngwala.
Nakikunja kwa kisigino, nainua mkono.
Aliyeita ameshageuka, anahesabu chenji.

Kuna siku wadudu wa ziwani wanainuka majini kama moshi,
napita nimebana midomo, salamu zangu zote ni honi.
Kuna siku nakuta mtu kapakia sangara kama abiria,
foleni inasimama, mkia unanigusa goti, wa baridi,
na wodini wajawazito wananikunjia pua
mpaka uchungu uwakumbushe mambo mengine.

Jumanne ile naingia zamu ya usiku.
Mbele yangu koti la kijani,
gunia la mkaa nyuma, limekazwa kwa mpira,
na stendi iko chini.
Nikaita. Upepo wa ziwa ukalibeba neno
ukalipeleka kwa wasiolihitaji.
Nikapiga honi. Akadhani nadai njia,
akaongeza moto.
Nikaongeza na mimi, mimi nisiyevuka hamsini,
kanga imevimba mgongoni, watu wanashangilia
wakidhani mama wa watu anashindana.
We kijana! Stendi!
Kwenye tuta chuma kikagusa lami. Cheche tatu.
Nilizihesabu kama ninavyohesabu
mapigo ya moyo wa aliye bado tumboni.
Hakuyumba.
Igogo akakata kushoto, upande ule ule mbaya,
akapotea nyuma ya fuso la mchanga,
na mimi magari yalikuwa yananisukuma mgongoni,
nikaenda moja kwa moja, neno likiwa mdomoni.

Usiku ule nilipokea watoto wanne, mmoja katanguliza miguu.
Saa tisa, Bugando imetulia kidogo,
nikapanda wodi ya mifupa.
Miguu ilikuwa mingi, imetundikwa kwa kamba na uzito,
mingi ya kushoto.
Mmoja alikuwa macho.
Unamtafuta nani, sista?
Mwenye koti la kijani, nikasema. Jina silijui.
Akafikiri kweli kweli,
kama mtu wa kijiweni aliyeulizwa nyumba ya mgeni.
Hajaletwa, akasema. Labda kesho.
Kwani alikuwa na nini?

Nikamweleza.

Akacheka, mara moja tu, maumivu yakamkatisha.
Mimi waliniita, akasema. Pale Buzuruga,
kama watu watano, wanawake kwa wanaume:
Stendi! Stendi!
Nikadhani ni abiria, wanawahi basi.
Nikawapungia mkono:
huko siendi.