Printa ya Valiko

Kompyuta sita zilifika Jumatatu
zikinuka sponji na gundi ya maboksi.
Guranda wa mahesabu aliipangusa yake
kwa kitambaa cha miwani.
Kipya kinyemi. Kidonda tulikiona saa nne,
alipobonyeza mara mbili lile tone la buluu
alilolichora marehemu Valiko miaka kumi na tisa nyuma,
na daftari la maji la Kutaisi nzima
likafumbua jicho moja
likafa.

Halikufa kwa kelele. Hakuna ujumbe,
hakuna namba ya kosa ya kumpelekea mtu.
Dirisha jeupe, kufumba na kufumbua, kisha picha ya ukutani:
ziwa la kiwandani, lisilo na jina wala harufu.

Nje mvua ya Machi inaupiga mto Rioni.
Foleni ya wazee wenye risiti za mita
imeshapanda ngazi, miavuli inachuruzika.

Nilifanya ninayoyajua.
Nilizima, nikawasha, ndiyo dua yetu ya kwanza.
Niliiondoa programu, nikairudisha.
Niliandika tarehe kwa nukta badala ya mkwaju.
Nililinakili faili upya kutoka kwenye seva,
nikazihesabu baiti zake kama ahesabuye chenji gizani.
Zilitimia. Faili zima. Halina homa.
Kwenye kompyuta kuukuu, ile yenye feni ya kukohoa,
lilifunguka kama mlango wa jikoni.

“Labda linamtaka mwenyewe,” Guranda alisema,
wala hakucheka.
Alinisogezea chai, na mkate wa jibini uliofungwa gazetini.
“Valiko hakuwa msemaji. Alikuwa mchapaji.
Kila asubuhi ukurasa wa wadaiwa, wa moto,
ndipo avue koti.”

Nilimsikia. Sikumsikiliza.

Jumanne nikaziweka mbili ubavu kwa ubavu,
kuukuu na mpya, kama mapacha waliogombana,
nikazisoma mstari kwa mstari:
fonti, lugha, saa, kumbukumbu, viendeshi.
Hii inacho, ile inacho.
Hii inacho, ile inacho.
Chai ilipoa, ikawekwa nyingine, nayo ikapoa.
Saa moja jioni, mlinzi Otia akitikisa funguo zake,
nikafika mahali ambapo kuukuu ilisema: printa, moja.
Na mpya ikasema: hakuna.

Printa nani aliitaka?
Mkurugenzi Kiknadze ametangaza ofisi isiyo na karatasi;
tangazo lake limebandikwa mlangoni,
karatasi tatu, mhuri kila moja.
Printa yenyewe iko pembeni, waya umeviringishwa shingoni,
mtu ameweka juu yake chungu cha maua.

Nikafungua msimbo wa marehemu.
Mstari wa kumi na nne:
kabla ya kuonyesha jina lolote, mtaa wowote,
programu inaigeukia printa na kuuliza,
ukurasa wako una upana gani?
Maana kwa Valiko deni halikuwa deni
mpaka litoshe kwenye karatasi.
Na pembeni, kwa maneno yake: Usiguse. V.

Inauliza, hakuna wa kuitika.
Inasubiri kidogo, kwa adabu.
Inaanguka.

Ningeweza kuufuta mstari ule.
Mkono ulifika kwenye kibodi, ukarudi.
Badala yake nikaipa kila kompyuta printa ya uongo,
isiyo na wino, isiyo na tumbo,
kazi yake kuitika tu: nipo, sentimita ishirini na moja.

Asubuhi zote sita zikafunguka.
Mama wa kwanza kwenye foleni hakujua lolote,
aligonga kaunta akidai mita yake inamwibia,
na Guranda akamwambia ngoja, Mama Tsiuri, ngoja nikuone.

Nilitaka kuwachapia wajao onyo.
Nikakumbuka.
Nikaazima kalamu, nikaandika kwa mkono,
nikabandika chini ya meza:
Msiiondoe printa ambayo haipo.