Ndoo Tatu, Kariandusi

Saa nane usiku, na grafu imeota meno.

Jana ilikuwa kilima kimoja, laini,
haidrojeni ya mkono wa galaksi
ikinong'ona kwenye megahezi elfu moja mia nne na ishirini.
Leo ni chanuo:
jino, pengo, jino, pengo,
kipimo kilekile, kana kwamba seremala
amepita humo na rula.

Mbingu haina mkono ulionyooka hivyo.

Nageuza dishi, nalielekeza patupu,
mbali na kila nyota ninayoijua kwa namba.
Meno yako palepale.
Nasogeza masafa, megahezi mbili:
cha mbinguni kingehama chaneli.
Haya hayatikisiki. Yamekaa
kama wapangaji waliolipa hadi Desemba.

Basi ni letu. Ni la ndani.

Nabadilisha kebo, ya kushoto kulia.
Nakaza viungio kwa spana ndogo
hadi ilie tik.
Naziba mdomo wa spektromita kwa kizibo cha omu hamsini
isisikie chochote, hata mimi.
Bado inasaga meno.
Naizima. Nahesabu sitini. Naiwasha.
(Hii ndiyo dua ya mafundi wote,
na mara nyingi hujibiwa.)

Nampigia Sarange, yuko Nakuru, mwanawe ana homa.
Umeangalia umeme unaoingia?
Nimeangalia.
Feni?
Nimeangalia.
Kimya. Mtoto anakohoa.
Basi soma daftari la Kibowen.

Kibowen, aliyestaafu Agosti
akatuachia mwandiko wa kuku
na stuli yenye miguu mitatu.
Kila jioni alishuka na ndoo, akapotea nyuma ya dishi.
Walinzi walisema anatambikia.
Sisi wenye digrii tulicheka.
Ndani ya jalada la daftari, kwa kalamu nyekundu:

    Mtambo hauna neno, ila huchoka kwa kiu,
    Ukiuona na meno, usitazame ya juu,
    Chota ndoo kwa mkono, kinyweshe chuma cha guu,
    Kisha ulale, kijana, hadi jogoo awike.

Tulidhani ni ushairi wa mlevi.

Guu.
Guu gani?

Kisha najiona mjinga, peke yangu, chumba kizima.
Chini ya dishi, kando ya zege,
kuna fimbo ya chuma iliyozama mita tatu,
na waya wa shaba umeishika kama mkia.
Ni Januari. Mvua ya mwisho ilikuwa Novemba.
Na udongo wa hapa si udongo,
ni unga mweupe, maganda ya vijidudu
vya ziwa lililohama kabla hatujaitwa watu.
Unga mkavu haupitishi umeme.
Kelele zetu wenyewe, za saa za mitambo, za feni, za chaja,
zimekosa pa kwenda,
zimerudi nyumbani kupitia dirishani.

Ndoo ya kwanza ardhi inainywa kwa sauti.
Ya pili kwa pumzi.
Ya tatu, tochi ya Muturi inaniangukia mgongoni.
Na wewe umeanza? anauliza.
Nimeanza.

Narudi nikiwa na matope meupe hadi magotini.
Meno yanang'oka taratibu,
la pembeni, la katikati, mawili kwa mpigo,
hadi kilima kinajitokeza,
chenye haya kidogo, kama mgeni aliyesubirishwa mlangoni.

Naandika:
Saa tisa na dakika arobaini. Ndoo tatu.
Jino moja limebaki, chaneli 2311, silijui bado.
Nunua chumvi kilo mbili, na mpira wa maji.

Halafu, chini kabisa, kwa herufi ndogo:
vina vyake ni sawa.