Askari wa Kimo cha Gumba

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani.
Umeme umekatika tena; naazima tochi ya simu ya Mwanakombo
nimpake rangi askari asiye na mikono.
Kichwa, kifua, basi. Kimo chake kidole gumba.

Kofia niliimaliza juzi: kaki, na kivuli chini ya ukingo.
Vifungo vitano, kila kimoja tone la shaba
kwa ncha ya brashi ya nywele tatu.

Uso ndio ulionishinda.
Kisandukuni mna kichupa kimeandikwa "rangi ya mwili":
waridi, kama kamba aliyechemshwa.
Mwili wa nani?

Nikachanganya mwenyewe. Hudhurungi, manjano kidogo,
chembe ya buluu, kwani weusi una buluu ndani yake
ukiutazama kwenye jua la saa nne.
Nikajaribia juu ya ukucha. Nikafuta. Nikajaribu.

Vitabuni nimewakuta majenerali wa vita vya Tanga,
nimewakuta hata nyuki.
Yeye, jina hana.

Leo nimemtia macho, pumzi nimeibana.
Mwanakombo akainama, akakaa kimya, kisha:
"Mbona kafanana na Shemdoe, fundi baiskeli?
Hebu mgeuze, nataka kula."

Nimemgeuza.
Kisogo bado sijakipaka.