Hoja ya Nne

Saa tisa usiku, Brno. Theluji haijaamua,
inaelea juu ya reli za tramu kama mgeni asiyetaka kubisha hodi.
Kahawa yangu imeota ngozi.
Programu inasoma faili, na inachosoma ni uongo.

Nilifuata utaratibu:
nambari ya ombi, kumi na saba, yaani nisomee kuanzia mahali fulani.
Kisha hoja. Faili lipi. Nimwagie kwenye chombo gani.
Baiti ngapi. Kuanzia wapi.
Wengine hubishana kwa hoja; hapa hoja haibishi,
inakaa ndani ya rejista yake na kunyamaza,
halafu amri moja fupi, na kiini kinashika kazi.
Mimi nabaki nje.

Mama yangu, Drahomíra, alikaa miaka thelathini na mmoja
nyuma ya kioo cha posta kule Židenice.
Fomu zilipita chini, kwenye upenyo wa vidole viwili.
Mtu hakupita. Hata baba alipomletea mkate
aliusukuma palepale kama barua,
na mama akainua kipande cha juu, akachungulia,
ndivyo kiini kinavyochungulia anwani ninayokipa:
chombo hiki ni chako kweli,
au unanituma nimwage wino juu ya meza yangu mwenyewe?

Siku hizi halali. Nikampigia.
Akasikiliza yote, rejista na baiti, kama mtu anayesikiliza mvua,
kisha akauliza: ile ya nne uliiandika wapi?

Kwenye rcx, mama. Sisi kwa sisi tunapoitana
hoja ya nne hukaa hapo. Kila mtu anajua.

Akacheka hadi akakohoa.
Kwenye fomu zetu, akasema, kulikuwa na kisanduku
ambacho watu walipenda sana kukijaza, na hakikuwa chao.
Kilikuwa cha ofisi: risiti irudishwe wapi.
Nilikuwa naandika juu yake tu. Sikuwa na chuki.

Nikafunua mwongozo, ukurasa ambao nimeuruka miaka saba.
Kichakato kinapovuka, kinahitaji pa kuandika
njia ya kurudi nyumbani,
na kinaiandika hapohapo, juu ya hoja yangu.
Huko ndani kiini kilikwenda kuitafuta kwenye r10,
kikakuta masalio ya hesabu ya nani sijui,
kikayaamini,
kikanisomea kutoka tumboni mwa faili
kwa adabu zote, bila kulalamika hata neno.

Mstari mmoja. Nikahamisha ya nne.
Faili likaanza na mwanzo wake.

Mama alikuwa bado kwenye simu. Umekula?
Ombi lenye hoja moja.
Nikamjibu: sifuri.
Kwa lugha ya kiini, hiyo ni salama, kazi imekwisha vyema.
Yeye akaelewa sijala,
na nikasikia droo ya vijiko ikifunguliwa
upande wa pili wa mji.